Gauni la Kifaranga

Katika nyumba ile ya mafundi cherehani, futi ya kupimia ilikuwa ya wateja. Watu wa nyumbani hawakupimwa. Baba yao ndiye aliyeanzisha mtindo huo: alikutupia jicho moja ukipita na bakuli la uji, kisha akakata kitambaa. Kumpima mwanao, alisema, ni kama kumuuliza jina lake. Alipofariki, mkasi ukabaki mikononi mwa binti yake mkubwa, pamoja na ubishi wake wote.

Binti mdogo, kitinda mimba, walimwita Kifaranga. Mama yao aliaga dunia mtoto akiwa bado ananyonya, na Dada Mkubwa ndiye aliyembeba mgongoni huku akikanyaga cherehani. Kifaranga aliogopa macho ya watu. Mgeni akibisha hodi, yeye yuko nyuma ya sketi ya dada yake, mikono hajui aiweke wapi, mara kinywani, mara kichwani. Basi Dada akamshonea gauni lenye kola ya kufunga shingo na mifuko miwili mirefu ya kuzamisha mikono. Mtoto akatulia. Ulikuwa upendo mtupu, na asitokee mtu wa kusema vinginevyo.

Taabu ni kwamba gauni lile halikuisha. Kifaranga akavunja ungo, Dada akashona lilelile, refu kidogo. Akachumbiwa, likaja lilelile, jeupe. Mabega membamba, kola ya kukaba, mifuko miwili. Siku ya harusi alilia, na watu wakasema ni furaha. Kumbe makwapa yalikuwa yanamkata. Alijifunza kutembea amejikunyata ili mishono isifumuke, na kila mtu akamsifu kwa upole wake.

Halafu akaajiriwa uuguzi, wodi ya wazazi. Huko sare zilitundikwa stoo, unachagua inayokutosha. Alivaa moja, akavuta pumzi, pumzi ikaenda mpaka chini. Wiki hiyohiyo mama mmoja alizidiwa ghafla, na wahudumu wako koridoni wanapiga soga.

"Leteni machela! Sasa hivi!"

Sauti ilitikisa vioo. Watu wote waligeuka kumtafuta aliyepaza sauti, na yeye mwenyewe akageuka pia. Ilimchukua muda kukubali kwamba sauti ile ni yake.

Tangu hapo akawa watu wawili. Wodini ni Sista, mwanamke ambaye madaktari vijana walinyoosha makoti wakimwona anakuja. Kwa dada yake ni Kifaranga, anaketi kwenye kigoda kilekile cha utotoni na kuulizwa kama amekula. Alizaa, akalea, akazika mume, akapata wajukuu. Baada ya msiba alijiunga na kwaya ya wafanyakazi wa hospitali ili asirudi mapema kwenye nyumba tupu, akagundua koo lake lilikuwa na mengi ya kusema. Mwalimu wa kwaya alipostaafu, waimbaji hawakuhangaika na kura. Walimsukuma mbele tu.

Na magauni ya Dada? Aliyapeleka kimyakimya kwa fundi wa mkabala na hospitali, akampanulia. Fundi yule alishazoea, hata maswali aliacha kuuliza.

Sasa yalikuja mashindano ya kwaya, Jumamosi, katika ukumbi mkubwa wa mji. Dada alisikia, akasema gauni atashona yeye, mjadala umefungwa. Alhamisi Kifaranga akapita kulijaribu baada ya zamu. Lilikuwa la zambarau, kitambaa cha kumezea mate, mshono umenyooka. Lakini lilikuwa lilelile. Aliinua mikono kidogo tu, kwapa likalia prrr.

"Umenenepa," Dada akasema, pini mdomoni. "Punguza mikate."

"Sijanenepa, Dada."

"Basi usiinue mikono. Unainua ya nini? Watu wa mstari wa nyuma wanasimama tu, wanaimba."

"Sisimami nyuma. Mimi ndiye ninayeongoza. Nasimama mbele, peke yangu."

Dada Mkubwa akazitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Wewe?"

"Mimi."

"Mbele za watu wote wale?"

"Nitawapa mgongo, lakini ndiyo."

"Na mikono utaiweka wapi, Kifaranga?"

Hakuuliza kwa kejeli. Usoni mwake kulikuwa na hofu ya kweli, kama vile mgeni yuko mlangoni muda huohuo na mtoto hana pa kujificha. Kifaranga angeweza kucheka, akalivua gauni, kesho yake akalipeleka kwa fundi wa mkabala, na maisha yakaendelea. Ndivyo alivyofanya miaka yote. Lakini safari hii alitaka dada yake amwone. Alilitaka hilo kuliko kikombe cha mashindano, na liliposimama wazi hivyo moyoni mwake, akaogopa. Mwanamke anayekaripia madaktari, anaogopa bibi mmoja mwenye mkasi! Akapiga moyo konde.

"Juu," akasema, akainua mikono yote miwili mpaka mwisho. Mshono wa kushoto ukafumuka kutoka kwapani hadi kiunoni.

Wote wawili wakalitazama pengo.

"Nipime, Dada."

"Nikupime? Umekuwa mteja?" Sauti ilimkwaruza. "Nimekubeba mgongoni mimi. Nakujua kuliko unavyojijua."

"Unamjua uliyembeba. Huyu hujawahi kumpima."

Dada alinuna. Alimgeuzia mgongo, akakunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa, akafunga droo kwa kishindo, akafungua, akafunga tena. Kifaranga alisimama palepale, mikono bado iko hewani, inaanza kuuma. Mwishowe, shingo upande, Dada akachukua futi kwenye msumari.

"Mabega." Akataja namba, akapima upya. "Haya mabega umeyatoa wapi?"

"Wodini. Kugeuza wagonjwa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani, Dada."

"Kifua. Vuta pumzi. Ala! Bado inaendelea?"

"Hiyo ni ya kuimbia."

"Mkono. Hebu fanya hivyo unavyofanya huko mbele, nione kitambaa kitavutwa wapi."

Kifaranga akaanza kuongoza kwaya isiyokuwepo, akiimba chinichini ili apate mwendo. Dada akamzunguka na futi, akikwepa viwiko. Kisha Kifaranga akafika pale wimbo unapopanda, akajisahau, akaiachia sauti yote. Mikasi ilitetemeka kwenye misumari yake. Majirani waliacha kuongea dirishani.

Alipomaliza, Dada Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, kigoda kile cha Kifaranga, futi imemwangukia mapajani.

"Mungu wangu. Sauti yote hii ulikuwa umeificha wapi?"

"Mifukoni."

Wakacheka mpaka wakashikana. Kati ya kicheko na kicheko Dada akaanza kulia, na hakuona haya.

"Nilidhani nakusitiri," akasema.

"Ulinisitiri. Nilihitaji kusitiriwa, Dada. Bila ile mifuko nisingetoka mlangoni. Halafu nikakua."

"Ukakua na hukuniambia."

"Nakuambia leo."

Dada akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. Alifungua kabati, akatoa zambarau nyingine, nzito zaidi, aliyokuwa amejiwekea mwenyewe, akaitandaza mezani. Alichora kwa chaki akizisoma namba kwa sauti kama anajifunza jina jipya. Alipofika kiunoni akasita.

"Mifuko nisitie?"

"Tia mmoja. Wa leso. Najijua, nitalia."

Jumamosi Kifaranga alipanda jukwaani shingo yake ikiwa wazi. Alisimama mbele ya kwaya yake, nyuma yake ukumbi umejaa pomoni. Akainua mikono, gauni likaenda nayo, na hapakuwa na kitu chochote duniani kilichomvuta chini. Waliimba kama watu waliofunguliwa mlango. Wimbo ulipokwisha ukumbi mzima ulisimama, na majaji walipotangaza mshindi hakuna aliyesikia jina lote, kwa kuwa wauguzi walishaanza vigelegele kuanzia neno la kwanza.

Alishuka, kikombe mkononi, akimtafuta dada yake katika msongamano. Alimkuta mstari wa pili, amevaa nguo yake bora, na futi inaning'inia shingoni. Alisahau kuivua alipotoka nyumbani. Mama mmoja asiyemfahamu alikuwa anamvuta mkono.

"Yule wa zambarau, aliyeongoza, unamjua?"

Kifaranga akasimama nyuma yao, akangoja. Alilijua jibu la siku zote, lile la nimembeba mgongoni.

"Namjua," Dada Mkubwa akasema, akanyoosha shingo. "Nilimpima mwenyewe, Alhamisi."