Sifuri Dukani kwa Mzee Sharafat

Tarannum alikuwa na adui mmoja tu katika mji mzima wa Jaipur, na adui huyo alikuwa simu yake mwenyewe. Kila bangili ilipouzwa dukani chini, ilimbidi ashike simu, aitafute bangili ileile katika duka lao la mtandaoni, aifungue, apunguze idadi, ahifadhi, kisha aanze na nyingine. Akiwa bado anahangaika na ya pili, mkwewe huko chini alikuwa ameshawavisha nusu ya wateja waliokuja kwa miguu, na mtu wa Kanpur alikuwa ameshalipia kitu ambacho hakipo tena. Hapo hakuna la kufanya ila kufuta oda, kuomba radhi, na kumeza maneno makali ya watu asiowajua.

Oda zilizofutwa zilizidi, na wenye soko la mtandaoni wakatuma onyo. Ukifuta oda nyingine hata moja kabla msimu wa harusi haujaisha, walisema, duka lako tunalifunga.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa onyo la kibiashara. Kwa Tarannum lilikuwa sanduku. Sanduku hilo la bluu lilikaa juu ya kabati chumbani kwake, nalo lilikuwa la mumewe, Imtiyaz. Mjomba alikuwa amemtafutia kazi Muscat, kwenye ghala la vigae, na viza ilikuwa imeshatoka. Mke na mume walikubaliana hivi: duka la mtandaoni likivuka msimu huu salama, Imtiyaz anabaki. Likifungwa, anapanda ndege, na watakutana kila baada ya miaka miwili kama wageni. Tarannum alilichukia lile sanduku. Akipita karibu nalo alilisonya.

Ndipo akagundua njia ya faili. Aliijua kwa kumtazama dada mmoja mchangamfu aliyekuwa akifundisha kwa video huku anamenya vitunguu. Unapakua faili moja la jedwali, bidhaa zako zote zimo, kila moja na mstari wake. Unajaza idadi kwenye safu ya idadi. Unalirudisha faili, na duka zima linabadilika kwa mpigo mmoja, chai yako haijapoa. Tarannum aliitazama video ile mara tatu, na mara ya tatu machozi yalimtoka. Alikumbuka vidole vyake vilivyoteseka mwaka mzima kwa sababu ya ujinga tu.

Kilichobaki ni kuhesabu mali. Alichapa jedwali kwenye karatasi, mistari yote pamoja na mitindo ya zamani aliyokuwa ameipiga picha kwenye ubao wa maonyesho, ambako sampuli zake zimegandishwa kwa gundi na hazivaliki, akateremka nayo dukani.

Mzee Sharafat, baba mkwe wake, alikuwa amekaa kwenye godoro jeupe la duka, miguu ameikunja, anakunywa chai na kuzitukana bangili zake mwenyewe. Ndiyo ilikuwa kazi yake siku hizi. Zamani alikuwa fundi wa bangili za lakiri, ule utomvu mgumu unaolainika kwa moto, ambaye mabibi harusi walimfuata kutoka Ajmer, wakakaa mbele ya makaa yake wakisubiri bangili ikiwa ya moto. Kisha zikaja za kiwandani, za kumiminwa kwenye kalibu, rahisi, nyepesi, zote sura moja. Mzee akauzima moto wake, akazileta dukani za kiwandani, akaziuza kwa uso wa mtu anayeuza dawa ya kuhara.

“Baba,” Tarannum alisema, “nakuomba unihesabie rafu zote. Kila mtindo una mstari wake hapa. Wewe andika tu zimebaki ngapi.”

“Hii karatasi ndiyo itakayomzuia mwanangu asiende kubeba vigae?”

“Ndiyo hii, Baba.”

“Lete.” Akavaa miwani. “Na kalamu iwe nzuri. Sihesabu mali kwa kalamu ya kukwaruza.”

Akaanza kuhesabu kwa sauti, kama walivyohesabu baba yake na babu yake: “Baraka, mbili, tatu, nne…” Kichochoro kile chote cha mafundi wa bangili huhesabu hivyo. Kuanza na “moja” wanaona ni kujitakia umoja, yaani kitu kubaki kimoja hadi kiyama. Na kitu kikiisha hawasemi kimeisha, kwa kuogopa neno hilo lisije likazoea nyumba. Mama mkwe, Bi Mehrunisa, unga ukimwishia jikoni hutangaza kwamba “unga una baraka,” na Imtiyaz huvaa viatu akaenda kununua.

Tarannum alikuwa ameishi humo miaka minne na ameyazoea hayo. Na kitu ukishakizoea hukioni tena.

Jioni karatasi ikarudi, imejazwa kwa mwandiko mzuri wa kizee. Tarannum akaingiza tarakimu moja moja kwenye faili. Aliona moja nyingi, mstari baada ya mstari, hasa kwenye mitindo ya zamani. Akajiambia hizo zitakuwa sampuli zilizosahauliwa kwenye maboksi. Akalirudisha faili. Alama ya kijani ikatokea: mistari yote imepokelewa. Alipiga kelele hadi mama mkwe akadhani kuna mjusi.

“Limekubali! Mama, limekubali lote kwa mara moja!”

Bi Mehrunisa hakujua kimekubali nini, lakini alimkumbatia, na Imtiyaz akatumwa kununua ghewar, tamtam ya sherehe, ile kubwa yenye malai juu. Wakala wote wanne huku mzee akisisitiza kwamba kazi kubwa ilikuwa ya kalamu.

Asubuhi simu iliamka kabla yao. Ting. Ting. Ting. Tarannum alidhani imeharibika. Akaishika, akakaa kitako kitandani.

“Oda, Imtiyaz! Tazama, zinaingia kama mvua!”

Kumbe lile soko la mtandaoni lina tabia moja. Bidhaa ikibaki moja, hubandikwa maandishi mekundu chini ya picha: IMEBAKI MOJA TU, WAHI! Na mwanadamu akiambiwa imebaki moja, hata kama hakuitaka, mkono unamwasha. Mitindo yote ya zamani ya Mzee Sharafat, ambayo kwa miaka haikuwa ikionekana, ilikuwa imejitokeza dukani na maandishi mekundu chini yake, na wanawake wa Indore, Bhopal na Lucknow walikuwa wakigombania.

Tarannum aliteremka ngazi huku anaimba. Mzee alikuwa anafungua mlango wa duka.

“Baba, ile ya mawimbi ya kijani na njano iko boksi gani?”

“Hiyo ina baraka,” alisema mzee, anafuta rafu.

“Sawa. Na ya vioo vidogo, nyekundu?”

“Ina baraka pia, mwanangu.”

Tarannum akaacha kuimba. “Ya tausi?”

“Baraka.”

“Baba.” Alishika nguzo ya mlango. “Zikiwa na baraka, kwenye karatasi uliandika nini?”

Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli. “Niliandika moja. Baraka si ndiyo moja? Ulitaka niandike nini?”

“Sifuri!”

“Sifuri?” Kitambaa cha kufutia kikamdondoka. “Niandike sifuri dukani kwangu? Kwa mkono wangu? Asubuhi ya Ijumaa, na kalamu nzuri? Msichana, wewe unataka tulale njaa?”

“Baba, ile kompyuta haijui baraka! Imesoma moja, imewaambia watu ipo moja, na watu wamelipa!”

“Basi kompyuta yenu haikulelewa vizuri.”

Bi Mehrunisa alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alipoelezwa, alimgeukia mumewe. “Wewe mzee, miaka arobaini nakuambia mdomo wako utatuponza. Kumbe ni mkono!”

“Na wewe uliyesema jana unga una baraka?”

“Mimi unga wangu sikuuuza Lucknow!”

Imtiyaz alicheka, lakini Tarannum hakucheka. Alikaa kwenye ngazi, simu mapajani, na simu iliendelea na ting zake bila aibu. Alikuwa na hasira na mzee, lakini zaidi na nafsi yake. Aliziona zile moja zote, mstari baada ya mstari, wala hakuuliza. Angeweza kusahihisha faili sasa hivi, na oda mpya zingekoma. Lakini hizi zilizokwisha kuingia zilitakiwa ziwe mikononi mwa mtu wa vifurushi kesho jioni. Akifuta moja tu, duka limefungwa.

“Nitalishusha sanduku,” alisema Imtiyaz taratibu. Hakucheka tena.

“Lisishushwe!” Tarannum alilia wazi sasa, bila kujali jirani. “Lisiguswe lile sanduku!”

Mzee Sharafat alisimama katikati ya duka lake. Alimtazama mwanawe, akamtazama mkwe wake, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, kama mtu anayekagua chombo kilichokaa stoo.

“Hizo picha unazo?” aliuliza.

“Picha zipi?”

“Za bangili zangu. Huko kwenye mtandao wenu.”

“Ninazo zote, Baba.”

“Basi sahihisha hilo faili lako kwanza, tusije tukaletewa harusi ya India nzima. Sifuri uziandike wewe, mimi nitageuka ukutani. Imtiyaz, makaa. Mehrunisa, vile vioo vyangu ulivitupa?”

“Ningevitupa ungeniacha hai?” alisema mkewe, na alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kuvifuata.

Makaa yakawashwa kwenye jiko la chuma nyuma ya duka. Jiko lenyewe miaka hiyo yote lilikuwa likitumika kuegemeza mwavuli. Harufu ya lakiri ya moto ikajaa kichochoroni, na majirani wakaanza kuchungulia mmoja mmoja. Mzee alikaa, akashika kijiti chenye donge la lakiri, akakizungusha juu ya moto. Bangili ya kwanza ilipasuka. Ya pili ilitoka na umbo la yai.

“Imepinda, Sharafat!” jirani wa duka la mbele alipaza sauti. “Hiyo ni ya mkono au ya punda?”

“Ngoja niipime kwa mkeo!” mzee alijibu bila kuinua kichwa, na kichochoro kizima kikaangua kicheko.

Ya tatu ilikuwa duara.

Baada ya hapo ikawa raha tupu. Tarannum alisogeza laptopu karibu, mbali kidogo na cheche, akawa anafungua picha moja moja. Mzee aliitazama kila picha kupitia miwani iliyojaa moshi, akaviringisha uzi wa lakiri ya rangi, akaukata, akaunganisha ncha, akaisawazisha bangili kwenye gogo lake jembamba ingali laini. Bi Mehrunisa alibandika vioo kwa kibano, upesi kabla lakiri haijapoa, akilalamika kuhusu macho yake na hakukosea hata mara moja. Imtiyaz alipepea makaa hadi nyusi zikamsinyaa.

Tarannum alipofungua picha ya tausi, mzee aliweka kijiti chini. Aliinama akaisogelea skrini, karibu pua iguse.

“Hii ni kazi ya nani?”

“Yako, Baba.”

“Hapana. Tazama shingo ilivyopinda. Huyu alikuwa fundi.”

“Ni yako. Imeandikwa nyuma ya ubao, na Mama alikuwapo.”

“Alikuwa fundi kweli,” alisema mzee. Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akasingizia moshi, na wote wakakubali kwamba moshi umezidi. Tausi ilimchukua saa nzima. Aliifanya, akaivunja, akaifanya tena, na ile ya mwisho ilikuwa nzuri kuliko ya pichani.

Mtu wa vifurushi alipofika kesho yake jioni, alikuta maboksi yamepangwa kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi, na nyuma ya maboksi watu wanne wenye masizi usoni, wanakula kachori kwa mikono wasiyoweza kuinyoosha. Bi Mehrunisa hakumruhusu aondoke mpaka ale na yeye. Majirani walimsaidia kupakia.

Siku zilizofuata Tarannum alikuwa akiamka na kuitazama simu kwa woga, lakini simu ilileta mema tu. Mwanamke wa Indore alituma picha ya mkono wa bintiye, tausi juu yake, akauliza kama kuna nyingine. Tarannum alifungua tena faili. Kumbe kulikuwa na safu nyingine upande wa kulia ambayo dada wa vitunguu aliitaja na yeye hakuijali: siku za matayarisho. Mitindo yote ya mzee akaijazia humo siku saba, za kutengenezwa kwa mkono, na kwenye safu ya idadi akamwita mzee ajaze mwenyewe. Mzee akabonyeza moja, mstari baada ya mstari, kwa kidole kimoja, na safari hii hakuna aliyemkataza.

Msimu wa harusi ulipokwisha, wenye soko walituma ripoti. Tarannum aliwaita wote chumbani. Alishindwa kusoma mwenyewe, akamgeuzia mkwewe skrini.

“Soma wewe, Baba. Huu mstari. Oda zilizofutwa.”

Mzee alivaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

“Sifuri,” alisema kwa sauti kubwa, mbele ya mkewe, mchana kweupe. Kisha akaona haitoshi, akafungua dirisha la kichochoroni. “Sharafat ana sifuri! Mnasikia? Sifuri nzima!”

Jirani wa mbele akamjibu kwamba hilo walilijua siku nyingi. Ndani, Bi Mehrunisa alipanda kiti, akalishusha lile sanduku la bluu kutoka juu ya kabati, akalikung'uta vumbi. Akalibeba hadi dukani, akamwaga humo vioo vyote vya mumewe, akafunga kifuniko.

“Lilikuwa linakaa bure,” alisema. “Na wewe Imtiyaz, usisimame hapo kama mgeni. Unga una baraka.”

Imtiyaz akavaa viatu.