Ndege Iliyosikika Cheyo

Ndege yetu ilitua Tabora saa tisa kasoro, na kaka yangu Raymundi alipangwa kuzikwa saa nane. Hesabu hiyo niliifanya angani, nikairudia magurudumu yalipogusa lami, jibu likawa lile lile. Safari ya jana yake ilikuwa imeahirishwa, nikalala uwanjani Dar es Salaam kwenye viti vya chuma, mzee mzima, kichwa juu ya begi. Shingo ilikuwa inauma na roho inauma zaidi.

Kabla ya kupanda nilikuwa nimempigia Levina, binti wa kaka.

"Nisubirini," nilimwambia.

"Baba mdogo, wazee wameshapanga na padri," alisema, sauti imekauka kwa kulia. "Mwili umekaa siku nyingi."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia basi zikeni, kumbe mimi si mtu kwenu, nikazima simu. Tulipotua sikuiwasha. Niiwashe nisikie nini? Pole?

Tulizaliwa wawili tu, mimi na Raymundi. Mama alikufa mapema, na aliyenifunga vifungo vya shati siku yangu ya kwanza ya shule alikuwa yeye, naye mwenyewe shati lake halina hata kimoja. Nilitaka jambo moja katika safari ile yote: kumtupia udongo kwa mkono wangu. Sasa limenipita. Kwenda nyumbani Cheyo nikatazamwe na waombolezaji, "huyo ndiye mdogo wa marehemu, ndiyo anaingia," sikuwa na nguvu hizo. Nilisema nitalala hotelini, asubuhi nitajua la kufanya.

Hoteli niliiona nikiwa mlangoni mwa uwanja. Ilikuwa na bango lenye picha ya ndege, kubwa kuliko ile iliyonileta. Nikadhani nitafika kwa miguu. Kumbe katikati kuna uzio, na dereva wa bajaji akanizungusha barabara ya vumbi mpaka nikahisi tunarudi Dar. Mapokezi nilikabidhiwa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mti kizito kama mwiko wa ugali. Bomba la bafuni lilikohoa, likatoa maji ya rangi ya chai, likanyamaza. Nikaoga kwa ndoo. Nikajilaza, usingizi ukakataa. Kila nikifumba macho naona vifungo vya shati.

Nikatoka kutembea, maana ukuta nao ulikuwa unanichosha.

Nje ya hoteli hapakuwa na mengi. Tanuri la matofali lililokuwa bado linafuka moshi, wanawake wakiuza asali ya porini kwenye chupa za maji, baiskeli zimebeba magunia ya mkaa marefu kuliko waendeshaji. Mbele kidogo palikuwa na kibao kinachoonyesha njia ya zamani ya misafara, upande wa Kwihara. Nikasimama kukisoma. Babu wa baba yangu alipita humo na mzigo begani, toka kwetu mpaka Bagamoyo, akarudi, akaenda tena. Nikamwonea wivu. Yeye alijua atafika lini: atakapofika.

Chini ya kibanda cha mabati kulikuwa na mama anakaanga maandazi. Aliitwa Mama Veneranda, aliniambia mwenyewe hata kabla sijaketi.

"Mzee, umechoka wewe. Kaa."

"Nimetoka safari."

"Safari haimkunji mtu uso hivyo. Kunywa chai."

Nikanywa. Ilikuwa na tangawizi nyingi na sukari nyingi zaidi, na kwa mara ya kwanza tangu jana nilihisi nina tumbo. Hakuniuliza kitu tena. Nilishukuru kwa hilo.

Jua lilikuwa limeshaegemea alipokuja bodaboda mmoja, Fideli, akanunua maandazi huku pikipiki inanguruma.

"Mama, shikamoo. Leo huko Cheyo kuna kituko!" alisema akicheka. "Mazishi yamegoma. Mtani wa marehemu kaingia kaburini, kajilaza, hataki kutoka. Anasema hazikwi mtu mpaka mdogo wake afike."

Nikaweka andazi chini.

"Mtani gani?" niliuliza.

"Mzee mmoja Mzigua, alikuwa reli. Padri kasihi, wapi! Wenyewe wanasema mtani hasukumwi."

Ni Zablon. Alifanya kazi na Raymundi karakana ya reli miaka yote, na miaka yote walitukanana. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na wale wawili hawakuacha siku ipite bure. Ndiye aliyenipigia kunipa habari ya kifo. "Mtani wangu amekufa, afadhali, sasa nitapumzika," alisema, kisha akalia kwenye simu mpaka ikakatika. Desturi yetu ni hiyo: msibani mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Na mimi, Mnyamwezi wa kuzaliwa, nilikuwa nimepiga hesabu ya saa, ya ndege na ya padri, nikamsahau mtani!

"Nipeleke," nilimwambia Fideli. "Huyo mdogo wa marehemu ni mimi."

Aliacha kucheka.

Tulikwenda mbio, vumbi mdomoni, begi limebaki hotelini na ule ufunguo wa mti ukinigonga pajani. Nikawasha simu kwa mkono mmoja. Ikaanza kutetemeka, haikuacha. Levina. Levina. Zablon. Levina tena. Hasira hasara, tulifundishwa tukiwa watoto, nami niliimba na wenzangu darasani bila kuelewa kitu.

Tulipofika makaburini watu walikuwa wanatawanyika, wanawake wakikung'uta khanga. Kaburi lilikuwa limefukiwa. Juu limewekwa msalaba na maua ya karatasi. Pembeni palibaki kichuguu kidogo cha udongo mwekundu, na juu yake amekaa Zablon, suti yake imechafuka mgongo mzima, jembe mapajani.

"Wanyamwezi!" alipaza sauti aliponiona. "Mlitembea kwa miguu toka huku mpaka Bagamoyo na mizigo ya watu vichwani, mkafika. Leo umebebwa wewe, kwa ndege, Cheyo imekushinda!"

Watu waliobaki wakacheka, cheko la uchovu. Tusi la mtani ni deni, lakini mimi nilikuwa natazama msalaba.

Levina akanijia. Nilitegemea anilaumu. Alinishika mikono yote miwili.

"Tuliisikia ndege yako ikitua, baba mdogo. Tulikuwa ndiyo tunashusha jeneza. Mzee Zablon akasema, rudisheni juu, huyo keshafika. Tukakaa." Akafuta pua kwa ncha ya khanga. "Tukapiga, tukapiga. Padri ana misa nyingine, akaondoka. Jua nalo likaanza kushuka, mwisho mzee akakubali kutoka, tukazika."

Saa ile mimi nilikuwa nalalamikia rangi ya maji ya kuoga.

"Nipe mkono," alisema Zablon. "Matako yamekufa ganzi kwa kulinda udongo wako. Walitaka kuumaliza wote, nikawaambia atakayegusa huu namzika nao."

Nikamvuta. Alikuwa mwepesi, amezeeka tangu nilipomwona mara ya mwisho, na aliposimama hakuniachia mkono. Machoni alikuwa hachezi tena.

"Haya, mtani," alisema taratibu. "Mzike kaka yako."

Nikainama, nikachota. Udongo ulikuwa bado na joto la pale alipokalia. Maisha yangu yote nimesikia sauti ya konzi ya udongo ikigonga ubao, ile inayowaliza watu hata kama walikuwa wamejikaza, na hiyo ndiyo niliyoisafiria. Nikatupa. Haikugonga ubao. Ilianguka juu ya udongo wa wenzangu waliofika, kimya, na hapo ndipo nikalia.