Saa ya Dionis

Immakulata wa Kasulu alizaliwa na wakimbizi wa Burundi, uraia wa Tanzania akaupata ukubwani, na ole wako umwite mgeni. Meli yao ya matembezi kutoka Kigoma ilipofika Bujumbura, Dionis, mumewe, alibaki melini na simu na pasipoti zote mbili, akihofia vibaka. Yeye akashuka kumnunulia saa ya mkononi. Meli ingeondoka saa kumi.

Muuza saa, mzee mmoja, alifurahi kusikia Kirundi chake. Alimpunguzia bei, akamrekebishia mishale. Immakulata akaivaa: saa nane na nusu. Akaketi kuchagua hereni bila haraka.

Honi ya meli ikalia. Akatazama saa: tisa kasoro. Honi ikalia tena, ndefu.

“Mzee, umeitegaje hii saa?”

“Nimekuwekea saa ya nyumbani, mwanangu. Tanzania wako mbele kwa saa nzima.”

“Nyumbani kwa nani? Mimi Mtanzania!”

Alitimua mbio. Meli ilikuwa imeshageuka. Kwenye geti la bandari askari alimdai pasipoti. Immakulata akafungua mdomo ajieleze kwa Kiswahili, kikatoka Kirundi.