Pilipili za Marehemu Antoni

Jumamosi alasiri Josepha alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba, kwenye majabali ya Isamilo, akiunguza pilipili hoho. Aliziunguza makusudi. Alizilaza juu ya makaa yenyewe, bila sufuria wala wavu, zote nyekundu, na kila upande mmoja ulipotoa malengelenge na kuwa mweusi tii, alizigeuza kwa vidole. Rafiki yake Mwanvua, muuza vitumbua wa Mirongo, alisimama kando na beseni lake kichwani, akitazama kwa uchungu wa mtu anayeona chakula kikiharibiwa.

"Dada Josepha, mimi mpaka nife sitaelewa," alisema. "Wenzio tunazichuma kijani, wewe unaziacha mtini mpaka zizeeke. Zikizeeka unazichoma mpaka ziwe mkaa. Zikiwa mkaa unauambua ule mkaa unautupa. Jamani, si ungezila tu toka mwanzo?"

"Ndivyo anavyozipenda."

"Kwani leo anakuja?"

"Leo si Jumamosi?"

"Aa, kweli." Mwanvua akasogea kando ya kijia ili anayekuja apate pa kupita.

Anayekuja alikuwa Antoni, Mtaliano, fundi mwashi, aliyekufa tangu masika. Wakati wa vita Waingereza walimleta huku mateka kutoka Uhabeshi, na vita vilipokwisha hakuona sababu ya kurudi kwao. Alikufa kwa kuanguka kutoka kwenye ukuta wa ghala la pamba alilokuwa akijenga Misungwi. Walimzika kwenye makaburi ya misheni. Jumamosi iliyofuata Josepha alichoma pilipili kwa sababu zilikuwa zimeiva, na kwa sababu hakujua mikono yake aipe kazi gani nyingine. Kabla hajamaliza, Antoni akapanda kile kijia, viatu vimejaa udongo mwekundu, akavikung'uta mlangoni, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo hakukosa. Majirani walimwamkia, naye akawaitikia. Mbwa wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimbwekea enzi za uhai wake, aliendelea kumbwekea.

Pilipili zilipokuwa nyeusi pande zote, Josepha alizitumbukiza kwenye sufuria na kuifunika, zikaiva kwa mvuke wake wenyewe. Kisha akaziambua zingali za moto. Sharti lilikuwa moja tu, maji yasiziguse. Ukizisuuza, Antoni alimwambia mwaka ule wa kwanza, umemwaga utamu wote. Josepha, aliyelelewa kuosha kila kitu mara mbili, alijikaza, akatii. Aliondoa mbegu, akazichana vipande virefu, akatia chumvi, vitunguu saumu vilivyokatwa vyembamba, na mafuta ya zeituni. Mafuta hayo yalipatikana duka la dawa la Mhindi, kwenye vichupa vidogo vya watu wanaoumwa masikio. Muuzaji alikuwa akimpa Josepha pole ya masikio miaka yote hiyo.

Alimpelekea Antoni sahani mezani, akapiga goti, akaiweka, akarudi jikoni kula fungu lake kando ya jiko. Ndivyo mama yake alivyomfanyia baba yake kule Kamachumu, Uhayani, na hakuna aliyewahi kumwuliza mama yake kama ameolewa.

"Chumvi," Antoni alisema kutoka mezani, akitafuna. "Imepungua kidogo."

Hilo ndilo alilolisema siku hiyo. Tangu afe hakuwa na mazungumzo mengine zaidi ya chakula. Alipangusa sahani kwa mkate, akashukuru, akashuka kijia kile kile kabla giza halijaingia.

Josepha alibaki anazunguka nyumbani kama kuku anayetaka kutaga. Alihamisha kabati kutoka chumbani kwenda sebuleni, akalirudisha. Alifunga nguo zake kitambaani, akafungua, akafunga tena. Usingizi wake ulikuwa wa kuiba iba. Tangu marehemu azikwe, watu wawili kutoka ofisi ya serikali walikuwa wamekuja kupima madirisha, wakamweleza habari kwa adabu. Marehemu hakuacha ndugu wala wosia. Kama Josepha ni mke, nyumba ni yake. Kama si mke, nyumba inarudi serikalini, naye aondoke.

Yeye alijiona mke. Alipokuja Mwanza na Antoni, hapo palikuwa na mawe na mijusi tu. Kila debe la maji lililochanganya saruji ya nyumba ile alilipandisha yeye kutoka ziwani, kichwani, mpaka nywele za utosini zikapungua. Walilala kitanda kimoja. Kanisani hawakwenda kwa sababu Antoni alisema wasubiri paa lipigwe, kisha mvua ziishe, kisha kazi ya Misungwi iishe. Kazi ya Misungwi ilimmaliza yeye.

Mwingereza aliyekuwa akishughulikia mali za marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema nchi iko karibu kupata wenyewe, na jambo kama hili ni heri waliamue wenyewe. Basi Isamilo nzima hakuna aliyeungoja Uhuru kama Josepha. Bendera ilipopandishwa mwezi wa kumi na mbili, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na watu waliokuwa karibu wakamsifu kwa uzalendo.

Kiti cha Mwingereza kikakaliwa na Bwana Ponsian, kijana aliyesoma, mtu wa Bukoba. Josepha alipoingia na kumwona uso, moyo wake ukatua kwa mara ya kwanza tangu masika. Akamwamkia kwa Kihaya. Bwana Ponsian akaitikia kwa Kiswahili.

"Ushahidi, mama," alisema. "Nani anajua kuwa alikuwa mumeo?"

"Majirani wote wanajua."

"Majirani wanajua mlikuwa mnakaa pamoja. Mimi nataka anayejua mlikuwa nani."

Mwanvua, aliyekuwa amemsindikiza, hakungoja kuulizwa. "Si mwenyewe anakuja kila Jumamosi? Aje aseme."

Bwana Ponsian aliwaza, akafungua kitabu cha sheria, akakifunga. "Sheria haikatazi," alisema. "Ila aje mwenyewe. Asitume mtu."

Jumamosi hiyo Josepha na Mwanvua waliteremka mlimani asubuhi, mmoja amebeba jiko, mwingine kapu la pilipili na mkate. Ofisi zilifanya kazi mpaka adhuhuri tu, kwa hiyo hawakuwa na muda wa kupoteza. Waliwasha makaa uani, mbele ya baraza, ambapo watu wenye shida zao walikuwa wamekaa benchini wakisubiri zamu. Josepha aliunguza pilipili huku akigeuka kutazama lango kila mara, mpaka moja ikamtoka ikaanguka majivuni. Alipoanza kuambua, tarishi Ngosha, mtu mwenye huruma, aliona vidole vinavyobabuka, akaenda akarudi na ndoo ya maji.

"Asante baba," Josepha alisema, akaisukuma ndoo mbali.

Hajamimina mafuta, Antoni akaingia langoni. Alisimama katikati ya ua akitafuta kiti chake kwa macho, hakukiona, akaonekana kama anataka kurudi. Lakini Ngosha alikuwa mwepesi, akamletea kiti cha ofisini, na watu wa benchini wakasogeleana ili sahani ipate pa kuwekwa. Josepha akapiga goti, akaiweka.

Bwana Ponsian akatoka barazani. Kwa kuwa marehemu alimzidi umri, aliinamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndimi."

"Pole sana."

"Asante."

"Unamfahamu mama huyu?"

"Josepha," alisema Antoni, mdomo umejaa.

"Mlikaa naye toka lini?"

"Toka kabla ya nyumba. Maji ya saruji alichota yeye. Yote."

"Alikuwa analala wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwangu."

Watu wa benchini wakaguna kwa kuridhika. Mwanvua akamfinya Josepha ubavuni, kwamba mambo tayari. Bwana Ponsian akauliza kile walichokuja kuuliza.

"Sasa niambie, mzee. Huyu ni nani wako?"

Antoni alivunja kipande cha mkate, akakipitisha kwenye mafuta yaliyobaki. Hakuwa na haraka wala aibu.

"Mpishi wangu," akasema. "Mpishi mzuri sana. Mwanza nzima hamna kama yeye."

"Antoni," Josepha akasema. "Sikiliza vizuri. Bwana anauliza mimi ni nani wako."

"Nimesikia. Nimekusifu."

"Mpishi anayelala chumbani kwako?" aliuliza Bwana Ponsian.

"Jikoni kulikuwa na moshi."

"Mezani je, mlikula wote?"

"Hapana. Yeye jikoni, mimi mezani. Aliniwekea sahani kwa magoti, akaenda zake. Siku zote." Antoni akamtazama Josepha kwa upole wa kweli. "Sikumlazimisha. Alipenda hivyo."

Hapo ndipo Josepha alipoona shimo alilolichimba kwa heshima yake mwenyewe. Miaka yote alipiga goti kama mke, na yule mtu akaona mtumishi anapiga goti. Alikula kando ya jiko kama mke, na yule mtu akaona mtumishi anajua mahali pake. Hakuna hata siku moja mmoja wao alimwuliza mwenzake. Mwili mzima ulimwasha kwa aibu, kisha kwa hasira, na hasira haikujua imwendee nani kwanza.

Akamgeukia Bwana Ponsian, na safari hii hakumwachia Kiswahili. Akamwambia kwa Kihaya kwamba yeye ni mtoto wa kule kule, anajua mke wa kwao anaandaa vipi na anakula wapi. Amuulize mama yake mzazi, wakati huu yuko wapi na sahani yake.

Bwana Ponsian alijua. Mama yake alikula jikoni maisha yake yote na mpaka leo akimpelekea mumewe maji anapiga goti. Alijua, na uso ukapata joto, akatazama saa yake ya mkononi.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "mwenye nyumba amefika mwenyewe na amesema mwenyewe. Nikiacha maneno yake nitashika ya nani?"

Antoni alirudisha sahani. Alisema chumvi safari hii iko sawasawa, akashukuru, akatoka langoni. Bwana Ponsian akaita mwenye zamu anayefuata, aliyekuwa na kesi ya ng'ombe kutoka Magu.

Nyumba ikarudi serikalini, na serikali ikaona inamfaa Bwana Ponsian, kwa kuwa afisa hana nyumba na nyumba haina mtu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Josepha nafasi ya kuhama taratibu, na siku ya mwisho akamwuliza, akiwa amesimama kwenye kizingiti, kama asingependa kubaki. Alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba yeye ni mpishi mzuri.

"Nimeacha kazi hiyo," Josepha alimjibu.

Alihamia chumba cha uani kwa Mwanvua, huko Mirongo, na miche ya pilipili ndani ya madebe. Kulikuwa na kelele za watoto na cherehani siku nzima. Hakuzoea. Aliamka mara kwa mara kusogeza madebe, kwenye jua, kwenye kivuli, mpaka Mwanvua akamwambia hata miche ina haki ya kukaa mahali pamoja. Pilipili zilipoiva alizichoma, kwa kuwa alizipenda. Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo pia. Walikaa wawili, yeye na Mwanvua, mkeka mmoja, sahani moja. Mwanvua alionja, akaonja tena.

"Haya, nimekosa," alisema. "Zichome tu."

Antoni akaingia uani. Alikung'uta viatu, akampisha mtoto aliyekuwa akivingirisha ringi ya baiskeli, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Zangu ziko wapi?" akauliza.

"Mpishi ameacha kazi," Josepha alisema.

Antoni akalifikiria jambo hilo. "Pole," akasema. "Basi nitafutie mwingine."

"Loo!" Mwanvua akapiga kofi paja lake. "Mwanamume huyu, hata kufa hakukumfunza kitu! Katafute mwenyewe!"

"Huko niliko hamna watu wa kazi," alieleza Antoni.

Mwanvua alicheka mpaka akashika mbavu, na wapangaji wa vyumba vingine wakacheka naye. Josepha alitaka kucheka, akashindwa. Ilimuuma. Ilimuuma kwa sababu aliposikia viatu vile vinakung'utwa, mkono wake ulikwenda wenyewe kuweka khanga sawa, na alikuwa amefikiri kwamba labda leo amekuja kulisema lile neno, mke. Nyumba isingerudi, hilo alilijua. Alilitaka tu. Akamtazama usoni, akasubiri. Antoni naye akamtazama muda mrefu, kwa upole ule ule, kisha akauliza kama kuna mkate.