Uzi wa Pembe Mbili

Babu yake alikuwa mwashi, na nyumba alizozijenga zinakaliwa hadi leo. Baba yake naye alikuwa mwashi, mtu ambaye hakuna tajiri aliyewahi kumwita mara ya pili kurekebisha kazi. Yeye mwenyewe alishika mwiko tangu alipomaliza shule, na watu wakamwita Timazi, jina la kamba ya kupimia wima wa ukuta, kwa kuwa hakupinda ukutani wala katika kauli.

Ukoo huo ulikuwa na ada yake. Mwashi wao akiingia kwa tajiri mpya, safu ya kwanza ya matofali huijenga pasipo ujira, ili mkono wake uonekane kabla mfuko wa mwenzake haujafunguliwa. Waliiita safu ya heshima, na Timazi hakuiruka hata mara moja.

Kwa hiyo siku mjukuu wake, golikipa aliyelelewa nyumbani mwake, alipoitwa kusaini mkataba na klabu ya ligi kuu, Timazi aliamka akapiga viatu rangi na kulipangusa koti mpaka mkewe akamtazama kwa jicho la pembeni.

“Mume wangu, anayesaini ni mtoto au ni wewe?”

“Ni ukoo,” akajibu.

“Haya. Basi uambie ukoo kola imegeuka.”

Ofisi ya klabu ilikuwa chini ya jukwaa la uwanja. Soksi zilikuwa zimeanikwa kwenye vyuma vya dirisha, na nje mtu mmoja alikuwa akisukuma kigari cha chokaa, akichora upya mistari ya uwanja. Timazi hakuyatazama sana hayo. Jicho lake liliuangukia ukuta uliotenga ofisi na chumba cha kubadilishia nguo: ulikuwa umelala upande mmoja kama mlevi aliyemwegemea rafiki yake.

Walipokelewa na Katibu wa klabu, mtu mnene mwenye bashasha. Pembeni yake alikuwa ameketi Nahodha, beki aliyekula chumvi nyingi katika mchezo ule, ambaye pia alikiwakilisha chama cha wachezaji klabuni hapo. Alimwamkia mzee kwa adabu, akaeleza kuwa desturi yake ni kumshuhudia kila mgeni akisaini.

Katibu akausoma mkataba. Misimu miwili, mshahara wa kima cha chini anachostahili mchezaji mpya wa ligi, matibabu akiumia, siku ya mapumziko kila juma. Karatasi zilipaswa kufika ofisi za ligi kabla hazijafungwa alasiri ile, kwani ndiyo iliyokuwa mwisho wa usajili. Atakayechelewa atakaa nje hadi katikati ya msimu.

Timazi akasimama, akakohoa. “Bwana Katibu, kwetu mkono huonekana kwanza, ujira ukafuata. Msimu huu wa kwanza mjukuu wangu atachukua nusu ya mshahara huo. Mkishamwona, mtaongeza wenyewe.”

Golikipa akavitazama viatu vyake. Macho ya Katibu yakameta.

“Mzee, watu kama wewe hawazaliwi tena!” Kalamu yake ilikuwa tayari juu ya tarakimu, ikitaka kuikata.

Nahodha akaweka kiganja juu ya karatasi. “Katibu, tua kalamu. Unajua fika kwamba huwezi.”

“Nilikuwa naonja tu.”

“Onja onja yako itamfungia mtoto wa watu mlango.” Kisha akamgeukia Timazi. “Mzee wangu, usinione nimekosa adabu. Nusu hiyo hairuhusiwi. Chama chetu na vilabu vyote vya ligi vilikaa meza moja vikapatana: chini ya kima hiki hasainiwi mtu. Juu yake, kila mmoja na ajadiliane kadiri ya nguvu zake. Karatasi yenye nusu itarudishwa, na leo ndiyo mwisho.”

“Mali ya mtu ni ya mtu,” Timazi akasema. “Mjukuu wangu hana ruhusa ya kusamehe kilicho chake?”

“Kingekuwa chake peke yake, angesamehe. Lakini yeye akikubali nusu, kesho Katibu atamwita golikipa mwingine amwambie, mbona mwenzako ametosheka?”

“Mimi?” Katibu akashika kifua.

“Wewe. Na msimu uliopita ulijaribu.”

Timazi akaichukua kofia yake. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumrudishia heshima yake mkononi kama sarafu iliyotoboka. “Kama neno la ukoo wetu halina kiti humu, mjukuu wangu, twende zetu.”

Golikipa hakuinuka. Akiinuka, msimu umempotea. Akibaki, amemwaibisha aliyemlea.

“Babu, naomba niseme.”

“Sema. Lakini ujue unasema na nani.”

“Nasema na aliyenifundisha kubeba tofali. Ulinikuta siku moja nikiushusha uzi kidogo, tofali langu lipate kukaa. Uliniambia nini?”

Timazi alikumbuka. Uzi ule wa waashi hunyoshwa toka pembe hadi pembe, na kila tofali hulazwa kwa kuufuata. “Nilikuambia uzi hufungwa na watu wawili, kila mmoja pembe yake. Hauguswi mpaka wote wawili waitwe.”

“Nikakuambia naushusha kwa heshima ya tajiri, kazi yake iishe upesi.”

“Nikakuuliza, ni heshima gani hiyo ya kumjengea mtu ukuta mbovu?”

“Basi na huu ni uzi, babu. Pembe hii wachezaji, pembe ile vilabu. Mimi ni tofali moja tu.”

Timazi akautazama tena ukuta uliolala. Karibu na sakafu aliona mahali hasa ambapo fundi mmoja aliulegeza uzi, na jinsi safu zote za juu zilivyoufuata upotovu ule. Akairudisha kofia mezani, akaketi.

“Saini,” akasema.

Golikipa akasaini, Nahodha akashuhudia, na karatasi zikapelekwa mbio. Timazi akashusha pumzi. “Lakini ada yetu siiachi njiani. Jumamosi nakuja na mwiko wangu, niubomoe ukuta huu na kuujenga upya. Bure.”

Nahodha akakuna kidevu. “Na mafundi wa mtaa huu, mzee wangu, wakisikia klabu imejengewa bure, wao watadai nini kesho?”

Timazi akacheka, kicheko ambacho mjukuu wake hakukisikia mara nyingi. “Umenikamata. Basi mtanilipa ujira kamili wa fundi, wala senti moja isipungue.”

“Golikipa kamili, fundi kamili!” Katibu akalalamika. “Leo nimeamka kwa mguu gani?”

Jumamosi, baada ya mazoezi, golikipa alibeba matofali. Nahodha alifunga uzi pembe moja, na Timazi akaufunga pembe ya pili, akaukaza mpaka ukalia.

Nanyi vijana, sikieni, na mshike. Msitafute sifa kwa kuitoa haki ambayo wenzenu pia wameiegemea. Uzi mliokuta umefungwa, ufuateni. Na siku mtakayotaka kuupandisha, iteni pembe zote mbili.