Beji Kumi Ngozini, Mbili Kwenye Shati

Jumamosi, saa sita na robo mchana, babu alikuwa akipiga pasi shati la skauti la mjukuu wake wa kike juu ya meza ya kulia chakula. Alianza na ukosi, akaja mabegani, akamalizia mikono, kwa utaratibu aliofundishwa shuleni miaka sitini iliyopita na ambao hakuona sababu ya kuubadilisha. Mjukuu akatoka bafuni na fulana yake, akaunyoosha mkono wa kushoto.

"Babu, ya huduma ya kwanza imetoka."

Babu akaisimamisha pasi, akashusha miwani. Chini kidogo ya kiwiko, kwenye ngozi, palikuwa na beji ya duara yenye ukingo wa kijani na bendeji nyeupe katikati. Uzi ulitokea ndani ya nyama yenyewe, na ukingo ulikuwa umepindwa vizuri, pasipo ncha iliyoachwa nje.

"Inauma?"

"Inawasha tu."

"Basi usiikune. Zimefika ngapi?"

"Kumi ngozini, mbili kwenye shati."

Kumi na mbili ndizo zilizotakiwa kwa daraja la juu.

Ya kwanza ilitoka mwezi wa tatu, siku mbili baada ya mtihani wa kuwasha moto penye mvua. Mama yake alimpeleka zahanati. Muuguzi akaibonyeza kwa kidole, akauliza habari za homa, akaandika "nyuzi" katika daftari lake na kushauri zisivutwe. Zikafuata ya mafundo, ya ramani, ya kuogelea. Nyumbani wakazoea, kama watu wanavyozoea mtoto kuota meno.

Kila beji ya ngozini ilikuwa na mwenyewe mwingine kikosini. Sanduku la beji lilifika kutoka makao makuu likiwa pungufu kila mara, na kiongozi wa kikosi, aliyeitwa Filimbi kwa kuwa hakuanza sentensi kabla ya kuipuliza, alikuwa na mpango wake wa kugawa. Walianza watoto wa wajumbe wa kamati, wakafuata wale ambao wazazi wao walihudhuria mikutano, kisha sanduku likaisha. Mama wa mjukuu alifua mashuka ya hospitali kwa zamu, na mikutano ilikuwa ya mchana. Kwa hiyo kadi ya mitihani ya binti ilijaa neno moja: "asubiri". Katika mtihani wa huduma ya kwanza alimfunga gango mwenzao aliyevunjika mguu kwelikweli, akambeba mgongoni hadi barabarani. Mtoto wa mwenyekiti wa kamati alibeba chupa ya maji. Beji akapewa mbeba chupa, na shati lake halikuikataa. Kitambaa hupokea chochote kinachoshonwa juu yake.

Sasa muda wa kusubiri ulikuwa umekwisha. Daraja la juu halikutolewa kwa aliyetimiza miaka kumi na minane, na mjukuu angeitimiza Jumatano. Sherehe ya kupandishwa madaraja ilikuwa Jumamosi hiyohiyo, saa tisa alasiri. Babu akavaa koti.

"Leo tunakwenda wote."

"Babu, tafadhali usigombe."

"Mimi sijagomba tangu nistaafu."

Ofisi ya kikosi ilikuwa chumba cha nyuma ya ukumbi, chenye mahema yaliyokunjwa na masufuria meusi. Filimbi alisimama mara moja, kwani babu ndiye aliyemfundisha kutamka ahadi ya skauti, naye ndiye aliyekiongoza kikosi kwa miaka ishirini kabla yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Utazame mkono huu."

Filimbi akapuliza filimbi kidogo, kwa adabu, akachukua kioo cha kukuzia kilichotumiwa kusomea ramani. Akahesabu kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu.

"Safi sana. Uzi wa makao makuu kabisa. Za kwangu mimi zilikuwa zikifumuka kila wiki."

"Na za kwenye shati umeziona?"

"Nimeziona, Mwalimu, pamoja na hizi ni kumi na mbili. Ila kanuni inataka beji ivaliwe kwenye shati. Hii ni ngozi."

"Basi isahihishe kadi."

"Kadi nimeshazifunga jana." Filimbi akaugeukia ukuta, kwenye fremu ya kanuni, akasoma kwa sauti ya gwaride: "'Kumi na saba. Kadi iliyokwisha kufungwa haitafunguliwa wala kufutwa neno, wala uamuzi wa kiongozi hautahojiwa na mzazi, mlezi au jamaa yeyote. Na kanuni hii haitaondolewa.' Mwandiko wako huo, Mwalimu. Tangu uondoke hatujapata mwingine kama huo."

Babu aliutambua mwandiko. Aliiandika kanuni ile jioni moja, baada ya mama mmoja kuja kulalamika kwamba mwanawe amerukwa. Alikuwa na kadi thelathini na moja za kufunga, na aliyapenda sana yale "wala" mawili. Mtoto mwenyewe alisimama kando ya mama yake, amevaa sweta siku ya jua kali, mkono wa kushoto ameuficha nyuma. Babu hakumwambia autoe.

Mlango ukagongwa. Mtoto wa mwenyekiti akaingiza kichwa, skafu mkononi.

"Dada, nifungie basi. Hili fundo linanishinda."

"Si una beji ya mafundo wewe?"

"Beji ninayo. Fundo ndilo sina."

Binti akacheka bila kutaka, akamfungia, akamnyooshea ukosi. Wakatoka pamoja uwanjani. Huko mtoto wa mwenyekiti akapandishwa daraja la juu, na mjukuu akalishika sinia la nishani. Babu, akiwa safu ya tatu, alipiga makofi kwa kadiri heshima ilivyodai, na si zaidi.

Jumatano mjukuu akatimiza miaka kumi na minane. Alhamisi alfajiri nishani ya daraja la juu ikamtoka begani, kubwa, ya manjano iliyoiva, hata akashindwa kuvaa mkoba kwa siku mbili. Mama yake aliitazama akiwa amesimama mlangoni, akasema imekaa sawa, akaenda zamu.

Jumapili Filimbi alikuja nyumbani na karatasi nyeupe na kalamu ya wino.

"Beji za ngozini zimewaanza na wadogo, Mwalimu. Watatu kwa wiki moja, na mgeni wa makao makuu anakuja. Tunaomba mwandiko wako kwa kanuni ya kumi na nane. Fupi tu: mashati yawe ya mikono mirefu."

Babu aliitazama kalamu, hakuishika.

"Siandiki."

"Umechoka, Mwalimu?"

"Nimechoka. Hata ningekuwa sijachoka, nisingeandika. Na ile ya kumi na saba nataka kuiondoa."

"Haiondoleki. Ndivyo ulivyoiandika mwenyewe."

Kisha Filimbi akaomba radhi, akavuta kiti mezani, akaandika mwenyewe. Mstari ulipanda kuelekea kulia, na neno "mirefu" akaliandika mara mbili. Ilipofika Jumamosi kanuni ilikuwa ukutani, ndani ya fremu, chini ya ile nyingine. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, nayo ikafuatwa vilevile.