Mia Nne Bila Kipimo

Ijulikane kwa walimu, wazazi na nzi wote wa bwalo la chakula kwamba leo mwanadamu anastaafu rasmi kazi ya kubeba chai. Ndivyo alivyotangaza Mwenyekiti wa chama cha roboti, kifua mbele, zipu ya suruali wazi. Hakuna aliyemwambia.

Nyuma yake lilisubiri toroli lenye jicho moja la kupimia umbali, na juu yake birika kubwa la bati.

Upupu, mwanachama aliyepewa jina hilo kwa sababu ukimgusa utajikuna wiki nzima, alikaa kando ya kompyuta akibana kicheko. Chama kilikuwa na sheria moja: umbali wote ni kwa mita. Iliwakaa kichwani kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuandika kipimo kando ya namba. Basi asubuhi Upupu alilifundisha jicho kusema kwa sentimita. Kitu kikiwa mita mbili mbele, jicho lingesema mia mbili, na toroli, lililoamriwa kusimama likisikia moja, lingeamini kitu kiko ng'ambo ya uwanja. Lingelivaa boksi la majaribio, bwalo lingecheka, Mwenyekiti angenywea. Birika lenyewe lilikuwa tupu.

Kisha mpishi akaleta maji yanayotokota, akalijaza birika mpaka shingoni. Upupu akaacha kucheka.

"Boksi halishawishi mtu," Mwenyekiti alisema, akilisukuma kando kwa mguu. "Tunataka binadamu. Mama, tusaidie."

Mlezi wa bweni alijikokota hadi mbele, mkono kwenye goti lake bovu.

"Likinigonga nalala kitandani kwako, na wewe unadeki," alimwambia Mwenyekiti. Akageuka. "Na wewe Upupu, mbona midomo imepauka? Umeuona mtihani?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulinisalimia asubuhi, lakini sawa."

Toroli likaguna, likaondoka. Halikuwa na pupa. Lilikwenda kama mtu anayeijua nyumba anayoiendea, mvuke ukilitangulia. Mia sita, kioo cha kompyuta kilimwonyesha Upupu peke yake. Walimu wakapiga makofi. Mlezi alikunja mikono kifuani na kutabasamu, kama anayengoja kupigwa picha.

Mia tano. Upupu aliwaza sanduku lake mlangoni kwa baba, na barua ya kufukuzwa juu yake. Akaliangalia lile goti. Goti hilo lisingeweza kuruka hata dimbwi.

Mia nne.

Alijikuta amekwisha kuruka meza. Akalifikia toroli kwa nyuma na kukibamiza kitufe chekundu cha kulizima. Magurudumu yakakwaruza sakafu. Birika likayumba, likatema ulimi wa maji, na pale ulipoangukia, saruji ilifuka.

Mlezi alitazama ule mvuke, kisha miguu yake mwenyewe.

"Lilikuwa mbali bado," Mwenyekiti alisema polepole. "Linaruhusiwa kwenda mpaka mita moja. Wewe umejuaje kwamba halitasimama?"

Upupu alitafuta uongo. Siku zote alikuwa nao akiba, wa walimu mbali, wa wazazi mbali. Lakini mlezi alikuwa hajasogea, wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja jibu.

"Namba za jicho si mita, ni sentimita," Upupu alisema. "Nilibadilisha asubuhi. Ni mimi, mama."